Upimaji Ardhi (Unguja)

Upimaji ardhi ni fani ya kubainisha na kuthibitisha mipaka kwa vipimo na ramani. Na huko Unguja madai makuu ya wapimaji ni kwamba kazi yao itangulie ujenzi badala ya kuufuata. Bububu, kaskazini ya Mji Mkongwe, ni shahidi mzuri wa madai hayo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na wakulima wakagaiwa mashamba ya eka tatu. Lakini kadiri mji ulivyotanuka kuelekea kaskazini, mengi ya mashamba hayo yalikatwa vipande na kuuzwa kwa hati za mkono mbele ya sheha na majirani, hata mpimaji, ambaye kwa kanuni ndiye wa mwanzo, akawa aghalabu huitwa baada ya msingi kuchimbwa na hasama kuzuka. Sheria ya upimaji ya 1989, na ile ya umiliki wa ardhi ya 1992, zilikusudia kuurudisha utaratibu mahali pake. Utekelezaji wake, kwa insafu, umekwenda polepole.

Tangu 2016 ndege zisizo na rubani zimetumika kuvipiga picha visiwa, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kikishiriki. Ni msaada adhimu, walakini picha ya angani huonyesha paa na mnazi, wala haimtaji mrithi; kwa hiyo jiwe la mpaka na ushahidi wa wazee bado vyahitajiwa.