Foraminifera kama Mashahidi wa Hali ya Laguni ya Venice

Ndani ya tope la Laguni ya Venice, Italia, huishi foraminifera, viumbe vya seli moja ambavyo vingi havifikii milimita moja. Kila kimoja hujijengea ganda, aghalabu la chokaa, na kikifa ganda hubaki likafunikwa na tope jipya. Kwa kuwa kila spishi ina kiwango chake cha kustahimili chumvi, joto na upungufu wa oksijeni, watafiti huzihesabu ili kupima afya ya maji. Kipimo hicho nakiunga mkono; namna kinavyosomwa ndiyo mara nyingi hainiridhishi.

Tuchukue Ammonia tepida. Spishi hii huvumilia tope lenye mabaki mengi ya viumbe na oksijeni haba, hivyo inapotawala mahali huchukuliwa kuwa dalili ya uchafuzi. Lakini laguni ni makazi ya taabu kwa asili yake. Ile ya Venice ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 550 na kina cha wastani cha kama mita moja tu: jua huipasha moto upesi, mvua huizimua, na maji yakipwa wangwa hubaki wazi. Spishi nyingi za bahari wazi zisingeishi humo hata kama eneo la viwanda la Porto Marghera, lililoanzishwa 1917, lisingejengwa. Ammonia ingekuwapo. Maganda yenye kasoro nayo ni hivyo hivyo: metali kama zebaki na zinki zinaweza kuyapotoa, na chumvi inayopanda na kushuka ghafla inaweza kuyapotoa pia.

Kwa hiyo sampuli ya leo peke yake haitoshi kutoa hukumu. Laguni ilinganishwe na ilivyokuwa zamani, kwa kuzamisha bomba na kutoa nguzo ya tope yenye tabaka zake. Umri wa tabaka za juu hujulikana kwa isotopu zenye mionzi, risasi-210 na sesiamu-137, ambayo kilele chake cha 1963 kilitokana na majaribio ya silaha za nyuklia. Spishi zikipungua huku metali zikiongezeka, mahali hapohapo, baada ya viwanda kuanza, hoja ya uchafuzi inasimama.

Hata hivyo, zamani ipi? Jamhuri ya Venice iligeuza mikondo ya mito, ikiwemo Brenta na Piave, ili mchanga na tope visiizibe laguni. Maji baridi yakapungua na chumvi ikazidi, karne kadhaa kabla ya Marghera. Hali ya asili ya kurejelea, basi, haipo. Ipo hali ya kipindi fulani, na mtafiti hana budi kukitaja.

Tangu Oktoba 2020 milango ya MOSE, mfumo wa vizuizi vya laguni, huinuliwa kuzuia mafuriko ya bahari, na kila inapofungwa hupunguza mabadilishano ya maji na tope kati ya laguni na Adriatiki. Athari hizo zitachanganywa kirahisi na za viwanda. Nguzo za tope zichukuliwe sasa, hasa pale ambapo uvuaji wa kombe kwa kukwangua sakafu bado haujazivuruga tabaka.