Kukata thredi: kisu gani kwa bolti gani?

Bolti ya mashine ya kusaga ikiisha meno, wengi wetu tunaipeleka kwa fundi wa kukereza vyuma, tunalipa na kurudi nayo nyumbani. Nati inaingia mizunguko miwili, inagoma. Au inaingia vizuri, tunakaza, na baada ya siku chache imelegea. Mara nyingi mashine haina kosa. Kisu ndicho hakikuwa cha thredi ile.

Kisu cha kukata thredi huacha umbo lake kwenye chuma. Kikinolewa kwa pembe ya digrii 60, mifereji nayo itakuwa ya digrii 60. Bolti za milimita, zile zinazoandikwa M10 au M12, ni za digrii 60, na za inchi za Kimarekani pia. Za Kiingereza za mtindo wa Whitworth, mhandisi aliyependekeza kipimo chake mwaka 1841, ni za digrii 55. Usidhani hayo ni mambo ya kale. Mabomba ya chuma ya maji tunayofunga majumbani hufuata digrii hizo 55 hadi leo. Bomba la nusu inchi, kwa mfano, lina meno 14 kwa kila inchi, na ukilipima kwa nje utapata karibu milimita 21. Hiyo "nusu inchi" ni jina tu.

Jambo la pili ni umbali kati ya jino na jino. Bolti ya kawaida ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 kwa inchi, ya Kimarekani ina 13, na M12 ya kawaida ina umbali wa milimita 1.75. Kwa macho ni ndugu watatu, lakini nati ya mmoja haimfai mwenzake. Kwa hiyo usipeleke bolti iliyokufa peke yake. Peleka na nati yake, hata kama ina kutu. Fundi ataipima kwa geji ya thredi, ile yenye majani mengi yenye meno.

Halafu kisu chenyewe ni cha chuma gani? Vilivyozoeleka ni vya hai-spidi na vya kabaidi. Kabaidi ni ngumu zaidi na hudumu, ila hupenda mwendo wa kasi na mashine isiyotikisika. Kwenye kukata thredi, kisu husogea milimita 1.75 kila chuma kinapozunguka mara moja, hivyo fundi wa mashine ya zamani analazimika kwenda polepole ili asigonge bega la bolti. Kwa mwendo huo ncha ya kabaidi humeguka kirahisi. Kwa karakana nyingi za kwetu sisi tungechagua hai-spidi: inavumilia, na ikichakaa inanolewa palepale kwenye jiwe. Vipande vya kabaidi vilivyokwisha kuchongwa pembe ni vizuri kwa kazi nyingi zinazofanana, lakini kipande cha 60 hakiwezi kukata 55.

Ncha isiachwe kali kama sindano. Ncha ya sindano hukata mfereji mwembamba chini, na ufa huanzia hapo bolti inapobeba mzigo. Bolti ya jembe la trekta ikikatika kwa namna hiyo, wa kulaumiwa huwa ni chuma, kumbe ni kisu. Ubavu wa kisu upande kinakoelekea nao unolewe zaidi, la sivyo utasugua badala ya kukata. Wakati wa kukifunga, ncha iwe sawa na katikati ya chuma, na kisu kinyooshwe kwa geji yenye umbo la mkia wa samaki. Kikilala upande mmoja, meno nayo yatalala.

Kwa bolti ndogo au bomba la maji, huna haja ya haya yote. Dai ya kipimo sahihi inatosha na ni nafuu.

Ukiwa karakanani, mwombe fundi ajaribu nati kabla ya kufungua chuma kwenye mashine. Ikibana, anapunguza kidogo na kujaribu tena. Kikishafunguliwa, kukirudisha ili kisu kiingie kwenye mfereji uleule ni kazi ngumu, na mara nyingi huishia kuanza upya na chuma kingine.