RAV4 za Umeme: Ya Zamani Ilidunda, Mpya Ikawa Pasua Kichwa

RAV4 kila mtu wa mjini anaijua. Iwe Kariakoo au Westlands, huwezi kukaa kwenye foleni dakika kumi bila kuiona. Wasichojua wengi ni kwamba kuna RAV4 ambazo hazikuwahi kuwa na tenki la mafuta. Toyota ilizitoa mara mbili, na mara zote mbili soko lake kubwa la Marekani lilikuwa California.

Mambo yalianza 1990. California ilikuwa imechoka na moshi, ikatoa amri: ifikapo 1998, asilimia 2 ya magari mapya ya kampuni kubwa yawe hayatoi moshi kabisa. Amri ililegezwa baadaye, lakini kampuni zilikuwa zimeshaanza kuhangaika. Toyota ikachukua RAV4 yake ya kawaida, ikatoa injini, ikafunga mota na betri 24 za nikeli chini ya sakafu. Kuanzia 1997 zilikodishwa kwa mashirika. Raia wa kawaida akaruhusiwa kununua 2002, kwa dola 42,000 kabla ya punguzo la serikali. Hiyo hela si mchezo hata leo.

Kwa macho ya sasa ilikuwa gari ya kawaida sana. Chaji moja kama kilomita 150, spidi ya mwisho 126 kwa saa. Kuchaji kwenyewe ulikuwa unachomeka kitu bapa mfano wa kasia ndogo, umeme unapita kwa nguvu ya sumaku bila chuma kugusana na chuma.

Lakini ilidunda. Southern California Edison, kampuni ya umeme iliyokuwa nazo mamia, ilifuatilia tano kwa karibu. Zikapita kilomita 160,000 na betri zilezile za kiwandani. Hii ni teknolojia ya miaka ya 90, ambapo simu ya mkononi ilikuwa bado tofali.

Pamoja na hayo, Toyota ikasitisha mradi. Gari za kukodi zikaanza kurudishwa, nyingine zikaenda kusagwa zikiwa zima kabisa. Waliokuwa wamekodi wakagoma. Wakafanya kampeni, wakapiga kelele, mpaka Toyota ikakubali kuwauzia. Furaha ikawa na doa: California ilikuwa imeshachagua chaja za plagi kuwa ndio rasmi, na betri za aina ile zilikuwa hazitengenezwi tena. Unabaki na gari nzima isiyo na spea. Kiukweli hiyo inauma kuliko gari mbovu.

Raundi ya pili ndiyo ilikuwa na mbwembwe. 2010 Toyota iliweka dola milioni 50 kwenye Tesla, kampuni iliyokuwa bado changa, na wakakubaliana kutengeneza RAV4 mpya ya umeme. Bodi ya Toyota, moyo wa Tesla. Ikaingia sokoni 2012 kwa dola 49,800, chaji moja kilomita 166, na ukikanyaga inaondoka kwelikweli. Mpango ulikuwa gari 2,600 tu kwa miaka mitatu.

Watu waliogopa betri. Kumbe kasheshe ilikuwa kwenye mota. Gari inayosifika kwa ukimya ikaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga, na wengi wakabadilishiwa mota nzima kwa dhamana ya kiwanda. Nyingine sili zilichoka, maji ya kupozea yakapenya ndani ya mota. Maandishi ya "Check EV System" yakiwaka kwenye dashibodi, mwenye gari anajua siku imeharibika. 2015 Toyota ikaziita karibu zote, kama 2,500, kwa sababu gari iliweza kupoteza nguvu ghafla ikiwa barabarani. Dawa ikawa kubadilisha programu ya mota.

Wakati huo ndoa yenyewe ilikuwa imeshavunjika. Uzalishaji ulikoma 2014, na kufikia mwisho wa 2016 Toyota ilikuwa imeuza hisa zake zote za Tesla. Mwenye gari akabaki katikati. Nembo puani ni ya Toyota, lakini fundi wa Toyota akifungua anakuta mota na betri za watu wengine. Dhamana ikiisha, mota moja inakula hela ambayo ingenunua gari nyingine iliyotumika.

Kibaya zaidi, gari ya bei ile ilitoka kiwandani bila tundu la kuchaji haraka. Wenye nazo waliamua kujiongeza: karakana binafsi ikaunda kifaa cha kuchaji haraka, wakakinunua kwa hela yao na kutoboa gari kukifunga.