Dungu

Dungu (pia: ulingo) ni jukwaa lililoinuliwa juu ya nguzo ambalo wakulima hulitumia kulinda mazao dhidi ya ndege na wanyama waharibifu. Hutumika sehemu nyingi za Tanzania, zikiwemo kata za vijijini za Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi, kama vile Kinjumbi.

Ujenzi

Dungu hujengwa kwa nguzo za miti, sakafu ya fito zilizofungwa kwa kamba, na paa la makuti au nyasi. Mlinzi hupanda kwa ngazi. Wengine hulala katika kibanda cha chini, ambacho hujengwa haraka na kwa miti michache.

Dungu na kibanda cha chini

Mchana dungu hufaa kwa kuamia ndege, kwa kuwa mlinzi huona shamba zima na hurusha mawe kwa teo bila kushuka. Usiku adui mkubwa ni nguruwe pori, anayefukua mihogo na kuangusha mahindi. Aliye katika kibanda yuko karibu naye, lakini haoni mbali. Aliye juu humfukuza kwa kelele na kupiga madebe.

Hatari ya simba

Nguruwe pori ni windo la simba, hivyo simba huwafuata hadi mashambani. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 nchini Tanzania. Mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi. Mashambulizi yaliongezeka wakati wa mavuno, kati ya Machi na Mei, watu wanapolala mashambani. Utafiti wa mwaka 2011 uliongeza kuwa hatari hupanda siku zinazofuata mwezi mpevu, kwa sababu saa za kwanza za usiku huwa na giza.

Kwa hiyo dungu ni salama kuliko kibanda cha chini, lakini dungu fupi au lisilo na kuta halimzuii simba. Hatari huwa kubwa pia mlinzi anaposhuka gizani. Kupunguza nguruwe hupunguza sababu ya kulala shambani, ila kuwinda bila kibali kunakatazwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.