Uundaji taswira: maana na matumizi yake katika ultrasaundi ya picha za haraka

uundaji taswira nm [u-] kitendo cha kukokotoa picha ya kitu kisichoonekana kwa macho kutokana na ishara zinazotoka kwake. *Katika ultrasaundi, uundaji taswira hufanywa na kompyuta ya mashine kutokana na mwangwi.*

Maelezo

Ultrasaundi ni sauti yenye mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde, kiwango ambacho sikio la binadamu halikisikii. Kichwa cha mashine hupeleka sauti hiyo mwilini, kisha hupokea mwangwi wake. Mwilini sauti husafiri takribani mita 1,540 kwa sekunde. Kwa hiyo, kwenda kina cha sentimita 15 na kurudi huchukua sekunde 0.0002 hivi. Mashine ya kawaida huchora picha mstari kwa mstari. Picha yenye mistari 128 huhitaji sekunde 0.025, yaani picha 40 kwa sekunde.

Kasi hiyo yatosha kumtazama mtoto tumboni, lakini haitoshi kwa kila kazi. Ili kupima ugumu wa ini, wataalamu hufuatilia wimbi la msukumo linalopita ndani ya ini. Likienda mita 2 kwa sekunde, wimbi hilo huvuka sentimita 4 kwa sekunde 0.02, yaani kabla picha moja haijakamilika. Ndiyo maana zilibuniwa mbinu za picha za haraka: badala ya mstari mmoja mmoja, mashine hupeleka wimbi bapa linaloenea eneo lote kwa mkupuo mmoja. Katika kina kilekile, mikupuo kama 5,000 huwezekana kwa sekunde moja.

Wimbi bapa peke yake hutoa picha hafifu, na hapo ndipo uundaji taswira unapobeba mzigo. Chukua mfano wa watu waliojipanga mstari mbele ya kilima, tuseme katika Milima ya Pugu wilayani Kisarawe. Sauti moja ikipigwa, kila mmoja husikia mwangwi kwa wakati wake, kulingana na umbali wake na kilima. Mwenye kujua nyakati hizo zote aweza kukokotoa kilima kiko wapi. Kompyuta hufanya vivyo hivyo kwa kila nukta ya picha: hulinganisha nyakati za mwangwi katika vipokezi vyote, huzisawazisha, kisha hujumlisha. Panapo kitu halisi, ishara huimarishana. Pasipo kitu, hufifishana. Mwaka 2009 watafiti wa Paris, wakiwamo Gabriel Montaldo na Mickaël Tanter, walichapisha njia ya kujumlisha taswira za mawimbi bapa yaliyopelekwa kwa pembe mbalimbali. Pembe zikiongezeka, picha hung'aa zaidi, ila idadi ya picha kwa sekunde hupungua.

Tahadhari za matumizi

1. *Kuunda*, si *kujenga upya*. Kinachojengwa upya kilikuwapo kikabomoka. Picha ya ultrasaundi haikuwapo kabla ya hesabu; kilichokuwapo ni mwangwi.

2. *Kasi* ni ya picha, si ya sauti. Tungo «ultrasaundi ya kasi» humfanya msomaji adhani kwamba sauti yenyewe imeharakishwa. Kasi ya sauti mwilini haibadilishwi na mbinu hizi. Kinachoongezeka ni idadi ya picha.
Epuka: *Mashine hii hutumia sauti ya kasi.*
Andika: *Mashine hii hupiga maelfu ya picha kwa sekunde.*

3. *Mawimbi ya sauti*, si *mionzi*. Kwa kuwa kipimo hiki mara nyingi hufanyika jirani na chumba cha eksirei, wengi husema «mionzi ya ultrasaundi». Kosa hili si la kisarufi tu. Mama mjamzito wa Msimbu, kata ya Kisarawe mkoani Pwani, aliyekwisha kuonywa kwamba mionzi hudhuru mimba, akilikuta neno hilo kwenye kipeperushi ana haki ya kukikataa kipimo, na lawama itakuwa ya mtafsiri. Hata hivyo, mtafsiri asivuke mpaka kwa kuandika kwamba kipimo «hakina athari yoyote»: sauti huweza kupasha mwili joto kidogo, na kwa sababu hiyo hutumiwa na mtaalamu, kwa nguvu ndogo inayotosha.
Epuka: *Utapigwa mionzi ya ultrasaundi.*
Andika: *Utapimwa kwa ultrasaundi, kipimo kinachotumia mawimbi ya sauti.*

4. *Taswira* na *picha*. Katika maandishi ya kitaalamu, *taswira* yafaa kwa kile kilichokokotolewa. Kwa mgonjwa, *picha* yatosha na hueleweka upesi. Usichanganye yote mawili katika aya moja bila sababu, msomaji asije akadhani ni vitu viwili.

Tazama pia: eksirei, mionzi, mwangwi, taswira, wimbi.