Yowe la Uhabeshi

Jioni hii nataka tulitazame swali moja linalozihusu nchi kubwa na ndogo pia: nchi yajilindaje isipigwe na nchi nyingine?

Wenye elimu wa Ulaya walikuwa na mawazo mawili makubwa katika jambo hili. La kwanza lasema hivi: juu ya mataifa hakuna mfalme wala kadhi; basi kila taifa na lijitafutie silaha na marafiki, hata pande mbili zilingane nguvu kama mizani, kila mmoja aogope kuanza. Mizani hiyo ilivunjika mwaka 1914, na vita vile vikafika hata kwetu, vikawachukua wapagazi wetu kwa maelfu, na wengi hawakurudi.

Wazo la pili lilipata nguvu baada ya vita vile, nalo lafanana na desturi ya kijiji. Chui akiingia zizini mwa mtu, naye akapiga yowe, wote hutoka na mikuki, wala hakuna asemaye, "Mbuzi si wangu." Kwa wazo hilo Chama cha Mataifa kilianzishwa Januari 1920, na makao yake yakawa Geneva. Sharti la 16 la mapatano yake lilisema kwamba mwanachama atakayeanza vita kwa kuyavunja mapatano atahesabiwa kuwa amewapiga wanachama wote. Italia ilikuwamo tangu mwanzo; Uhabeshi iliingia mwaka 1923.

Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Italia yaliingia Uhabeshi pasipo kutangaza vita. Chama kikatoa hukumu upesi: Italia imevunja mapatano. Mataifa yapata hamsini yakakubali kuinyima silaha, mikopo na biashara nyingi. Lakini mafuta ya petroli hayakuzuiwa, nayo ndiyo yaliyoendesha magari na ndege za vita. Wala Mfereji wa Suez haukufungwa, nao ndio uliokuwa njia ya askari wake. Uingereza na Ufaransa ziliogopa kwamba Italia ikikasirishwa itashikamana na Ujerumani. Yaani, mdomoni walilishika wazo la pili, na moyoni walikuwa bado na la kwanza.

Wahabeshi walipigana kwa ushujaa, lakini ndege ziliwanyunyizia sumu iliyokatazwa kwa mapatano ya mwaka 1925, ambayo Italia yenyewe iliyatia sahihi. Addis Ababa ilitwaliwa tarehe 5 Mei 1936. Tarehe 30 Juni Mfalme Haile Selassie alisimama mwenyewe mbele ya Chama huko Geneva, akauliza ni jibu gani atakalowapelekea watu wake. Jibu lilikuja Julai: vizuizi viliondolewa.

Je, waliomwacha mbuzi wa jirani ili chui ashibe walipata salama? Hawakupata. Italia ilishikamana na Ujerumani vilevile, na mwaka 1939 vita vikafika mlangoni kwao wenyewe. Ndipo yowe lilipoitikiwa. Askari wa Afrika, na wa kwetu wa K.A.R. miongoni mwao, walipigana pamoja na Wahabeshi, na tarehe 5 Mei 1941 Mfalme akaingia tena Addis Ababa, miaka mitano kamili tangu kutwaliwa kwake.

Wako wasemao kwamba habari hii yaonyesha ya kuwa wazo la pili ni ndoto tu. Mimi naona vingine. Yowe lilisikika, na hukumu ilikuwa ya haki. Waliopungua ni wenye mikuki. Mwaka 1945 mataifa yalianza tena, yakaunda Umoja wa Mataifa na Baraza lake la Usalama. Lakini mataifa makubwa matano yalipewa kila moja uwezo wa kulizuia Baraza kwa neno lake peke yake. Basi tatizo la Uhabeshi halikuondoka: afanyeje mdogo, ikiwa chui ni mmoja wa wenye mikuki, au ni rafiki yao?

Mapatano ni karatasi mpaka siku mtu atakapokubali kupata hasara kwa ajili ya mbuzi asiye wake. Lifikirini neno hilo, wasikilizaji wangu. Kwa herini.