Mbwa, Kamba na Msitu wa Karura

Katika hifadhi za taifa za Kenya mbwa wa matembezi haruhusiwi kuvuka lango. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946 ikiwa ya kwanza nchini, imeshika sharti hilo hadi leo. Lakini ukienda upande wa pili wa jiji hilo hilo, kwenye Msitu wa Karura wenye zaidi ya hekta 1,000, utawakuta mbwa kila siku, kamba shingoni, wakitembea na wenyewe chini ya mihugu na mikaratusi mpaka kwenye maporomoko ya Mto Karura au ukingoni mwa ziwa dogo la mayungiyungi. Wengi huichukulia tofauti hii kuwa kanuni za mlangoni tu: shirika moja limekataza, jingine limeruhusu. Naona ni zaidi ya hapo. Njia tulivu ambayo mbwa, mtoto na bibi mwenye mkongojo wanapishana bila kuogopana haikuwepo Karura miaka 30 iliyopita, na haikuletwa na mtindo wa wageni. Ilipatikana kwa sababu msitu uliokolewa kwanza ukabaki mali ya umma, kisha ukawekwa chini ya utaratibu uliowapa majirani sauti. Atakayetaka kujua kwa nini mbwa anaweza kutembea Karura, aanzie kwenye historia ya ardhi.

Hata hivyo mbwa mwenyewe ana historia yake msituni, nayo si ya matembezi. Kwa karne nyingi jamii za eneo hili ziliingia porini na mbwa kwa kazi moja kubwa, yaani kuwinda. Methali inayosema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia ilitungwa na watu waliomjua mbwa kwa kazi hiyo. Utawala wa Waingereza ulipoingia ulileta sheria za wanyamapori zilizodai leseni, na Mwafrika mwenye mbwa na mshale akageuka jangili katika nchi aliyozaliwa. Wakati huo huo walowezi wa nyanda za juu walifuga makundi ya mbwa wa kuwindia na kumkimbiza mbweha wakiwa juu ya farasi, kama ilivyokuwa desturi kwao Uingereza. Mbwa ni mbwa, lakini aliyeshika kamba ndiye aliyeamua kama huo ni mchezo au ni kosa. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, mbwa wa polisi walitumiwa kunusa nyayo za wapiganaji wa Mau Mau, na Karura yenyewe ina mapango ambayo hadi leo yanaitwa kwa jina la wapiganaji hao. Uhuru ulipokuja, mbwa aliyejulikana zaidi mjini alikuwa yule wa nyuma ya geti, mwenye kibao cha kumtahadharisha mpita njia. Uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kwa hiyo Mkenya aliyekutana na mbwa kwenye miti alikuwa na haki ya kushtuka, kwani mbwa huyo alikuwa wa msasi, wa askari au wa tajiri, na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuja kutembea tu.

Karura ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Sehemu kubwa ilipandwa miti ya kigeni kwa ajili ya kuni na mbao, na miti ya asili ikabaki kwa vipande, hasa kandokando ya mito. Uliitwa msitu wa umma, ila umma haukuwa na kazi nao. Udhaifu huo ulijitokeza wazi miaka ya 1990, pale ilipobainika kuwa vipande vyake vilikuwa vimegawiwa wajenzi binafsi kimyakimya. Mwanamazingira Wangari Maathai na shirika lake la Green Belt Movement walianza kwenda kupanda miti pale pale mashine zilipokuwa zimefyeka. Tarehe 8 Januari 1999 yeye, wabunge wa upinzani, waandishi wa habari na wafuasi wake walizuiwa langoni na kundi la wanaume, wakapigwa. Maathai alipasuliwa kichwa, na alipofika kituo cha polisi kuandikisha malalamiko alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa chuo kikuu walijitosa barabarani mwezi huo huo. Tarehe 16 Agosti 1999 Rais Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Sijui mfano mwingine katika Afrika Mashariki wa msitu wa mjini uliolipiwa gharama kubwa hivyo na raia wa kawaida. Kama wajenzi wangeshinda, leo hapo pangekuwa na kuta na vibao vya mbwa mkali.

Lakini kuokolewa hakukutosha. Kwa karibu miaka kumi baada ya ushindi huo, Karura iliendelea kuwa mahali pa kuogopwa: wezi walijificha humo, maiti zilitupwa humo, na mtu mwenye akili timamu hakuingia peke yake. Hapa ndipo sheria ilipofanya kazi ambayo ushujaa peke yake usingeweza. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu vyama vya jamii kushirikiana na serikali kusimamia misitu, na mwaka 2009 chama cha marafiki wa Karura kikaundwa, kikishirikiana na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya. Uzio wa umeme ukajengwa. Vijana wa Huruma, kijiji cha watu wa kipato kidogo kinachopakana na msitu, wakaajiriwa kuwa walinzi wa doria. Magugu ya lantana yaliyokuwa yamesonga kila kitu yakang'olewa, miche ya asili ikapandwa, na njia zikachongwa zikafikia takriban kilomita 50. Makutano ya njia yakawekewa nguzo zenye namba, kiasi kwamba mgeni akipotea anataja tu namba aliyosimama nayo. Kufikia mwaka 2011 watu walikuwa wakiingia kwa kulipa ada milangoni. Mbwa waliingia pamoja nao, kwa sharti la kufungwa kamba muda wote. Sharti hilo ndilo lililomtenganisha mbwa huyu na wale wa zamani. Mbwa wa msasi kazi yake ilianza pale alipoachiwa. Mbwa wa Karura anaruhusiwa kwa kuwa haachiwi. Kima wanapokimbia juu ya tawi, au funo anapokatiza njia ya udongo mwekundu mbele yake, mbwa husimama, masikio juu, kamba ikakaza, na funo akapotelea kichakani akiwa salama.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa kwa uzito: kwamba hii ni starehe ya matajiri. Karura imezungukwa na mitaa ya kitajiri ya Muthaiga, Gigiri na Runda, na mbwa wengi wanaovuka milango yake wamelelewa kwa gharama kubwa kuliko watoto wa mitaa mingine ya Nairobi. Sikatai. Anayedai kwamba mlango wa Karura ni sawa kwa wote hajahesabu nauli ya familia ya watu watano kutoka mtaa wa Kayole, pamoja na ada ya kila kichwa. Hata hivyo tuangalie fedha zinakwenda wapi. Ada za wanaokuja mara kwa mara, wakiwemo wenye mbwa, ndizo zilizosaidia kulipa walinzi, kuondoa lantana na kutunza njia ambazo mwanafunzi wa Huruma naye anapita. Isitoshe, mtu anayetembeza mbwa huja asubuhi za kazi na jioni za mvua, siku ambazo wageni wa mapumziko hawaonekani, na macho yake huwa ulinzi wa ziada. Mwaka 2025 ulipozuka mvutano juu ya nani akusanye ada hizo, serikali au ushirikiano na jamii, hadi shauri likafika mahakamani, hao wa kila siku walikuwa miongoni mwa waliokuwa na sababu ya kupaza sauti. Mlango wa msitu uwe wa bei nafuu kwa maskini, hilo ni dai la haki. Kumfukuza mbwa hakutalitimiza.

Pingamizi la pili linatoka kwa watembeaji Waislamu, nao Nairobi si wachache. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani na miongoni mwa Wasomali, mate ya mbwa ni najisi nzito inayohitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Anayeelekea kuswali ana kila sababu ya kukasirika akirukiwa na mbwa aliyeachiwa. Ila dini hiyo hiyo haimkatai mbwa kama kiumbe: mbwa wa kuwinda na wa kulinda wanaruhusiwa, na Sura ya Al-Kahf inamtaja mbwa aliyelala kizingitini pamoja na watu wa pango. Kinachodaiwa ni nafasi na adabu. Kamba fupi, na mwenye mbwa kusogea ukingoni mwa njia anapompisha mtu, vinatosha kabisa, na hapa lawama yote ya uvunjaji ni ya binadamu aliyeshika kamba.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, na linanilazimu kukubali mengi. Utafiti uliofanywa na Peter Banks na Jessica Bryant katika misitu ya pembezoni mwa Sydney, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa pale mbwa walipopitishwa, aina za ndege zilizoonekana zilipungua kwa asilimia 35 na idadi ya ndege kwa asilimia 41, ingawa mbwa wote walikuwa wamefungwa kamba. Watu waliotembea bila mbwa waliwashtua ndege pia, lakini kwa kiwango kisichofika nusu ya hicho. Basi kamba inamwokoa funo asikamatwe, haimwondolei hofu. Tena yapo magonjwa. Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kutokomeza kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na msitu uliorudishiwa mbega, wenye pia kanu na mbweha, haupaswi kupokea mbwa asiyechanjwa. Utafiti wa Sydney, hata hivyo, ulipima kinachotokea muda mfupi baada ya mbwa kupita njiani. Haukupima msitu wenye njia za kilomita 50 zinazoweza kugawanywa. Karura ina nafasi ya kufanya hivyo. Njia pana za katikati ya mikaratusi, ambako ndege wa asili ni wachache, ziachwe kwa wenye mbwa. Kingo za mito, ardhioevu na vipande vya mihugu vipumzishwe, hasa misimu ya mvua ndege wanapotaga, na cheti cha chanjo kikaguliwe mlangoni kabla ya ada kupokelewa. Wenye mbwa watanung'unika kwamba njia nzuri zaidi ndizo zinazopita majini, na watakuwa wamesema kweli. Bado ningewaomba wakubali mgawanyo huo, kwa kuwa ukingo wa mto na mti wa muhugu ndivyo vingekuwa vya kwanza kutoweka kama mashine za wajenzi za mwaka 1998 zisingezuiwa, na mbwa wao wangekuwa hawana pa kukanyaga.